Uso Ukutani, Jina Liko Wapi?

Nina swali moja, na nitalizungusha mji mzima kabla sijalijibu: hapa Nairobi, ni nani anayestahili kuchorwa?

Tuanze mjini kati. Kimathi Street amesimama Dedan Kimathi na bunduki yake, sanamu iliyozinduliwa Februari 2007. Moi Avenue yupo Tom Mboya tangu 2011, karibu na pale alipopigwa risasi mwaka 1969. KICC ameketi Mzee Jomo Kenyatta. Hao wana historia yao na hakuna anayewaonea gere. Lakini endelea kutazama. Kwenye kuta na nguzo za stima kuna wanasiasa, wametabasamu tangu kampeni iliyopita, mvua imewala shavu moja. Kwenye matatu kuna wanamuziki na wanasoka wa ng'ambo, wengi wao hawana habari kwamba kila siku wanapita Waiyaki Way wakielekea Kangemi. Sarafu mpya tu ndizo hazina mtu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu, na tangu Desemba 2018 makanga anakurudishia chenji yenye twiga, kifaru, simba au ndovu.

Sasa nitafutie yule mama fua anayeketi ukingoni mwa barabara Kileleshwa tangu asubuhi, akingoja mtu atokee kwenye geti amwite. Nitafutie mvuta mkokoteni anayetoka Marikiti na magunia ya viazi, anayepigiwa honi na kila dereva kana kwamba barabara ni ya wenye injini peke yao. Nitafutie mlinzi wa usiku wa Westlands, ambaye wapangaji wote wanamjua kwa sare na hakuna anayemjua kwa ukoo. Mwaka 2018 Serikali ilifanya hesabu ya familia za mitaani nchini kote na kupata watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa hapa Nairobi. Watu hao tunawapita kila siku, na macho yetu yamejifunza kuwaruka.

Kuna sanaa ya mitaani iliyojipa kazi ya kuwarudisha watu kama hao mbele ya macho yetu, nayo ni picha za stensili. Huko Paris alianza Blek le Rat mwaka 1981, na baadaye akaja Christian Guémy, anayejulikana kwa jina la C215, Mfaransa aliyejenga sifa yake kwa kuchora ombaomba, wakimbizi, watoto wa mitaani na wazee wasio na makao. Anazichora nyuso zao kwenye masanduku ya posta, milango ya vyuma na kona za vichochoro. Wazo lenyewe halina makuu: mtu uliyemruka akiwa amekaa chini, huenda ukasimama kumtazama akiwa ukutani.

Ngoja kidogo nikueleze kazi yenyewe inavyofanywa, maana humo mna mambo. Mchoraji huanza na picha ya kamera. Huifuta rangi zote za katikati mpaka kubaki mwanga na giza. Huihamishia kwenye kartoni, plastiki ngumu au hata filamu kuukuu ya eksirei, kisha huchukua kisu chenye ncha na kukata kila sehemu itakayopitisha rangi. Ugumu uko kwenye jicho. Ukikata mboni duara zima, kile kitone cheupe cha katikati, kinacholifanya jicho lionekane hai, kitaanguka sakafuni. Kwa hiyo fundi huacha ukanda mwembamba wa kukishikilia. Ukiwa na mazoea ya kutazama utauona ukanda huo katika nyuso nyingi za stensili: mkato mdogo unaopita kwenye jicho au pembeni mwa pua. Kisha kartoni hugandamizwa ukutani, rangi ya mkebe ikapulizwa kwa vipimo vidogo vidogo, kwa sababu ukizidisha inapenya chini ya kartoni na uso wote unavuja.

Usidhani ni ufundi mgeni kwetu. Kama ulisoma shule ya bweni, jina lako liliandikwa hivyo hivyo kwenye sanduku lako la bati, na herufi O ilikuwa imekatika mara mbili, juu na chini, kwa sababu ile ile niliyokueleza. Magunia ya kahawa yana stensili. "Usitupe takataka hapa" ni stensili. Na wakazi wa mitaa ya mabanda wanaijua rangi ya ukutani kwa sura nyingine: ile X nyekundu inayoachwa mlangoni kukueleza kwamba nyumba yako iko njiani. Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakalala nje. Kwa hiyo mtu wa Kibera akimwona kijana na mkebe wa rangi mbele ya nyumba yake, ana kila sababu ya kuuliza kwanza ametumwa na nani.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa sanaa hii hawalisemi sana. Stensili inataka ukuta laini. Kwenye mabati yenye mawimbi kartoni haikai, rangi inaingia kila mahali. Ukuta laini, uliopigwa plasta, mrefu, uko wapi? Uko Lavington, una nyaya za umeme juu. Uko mjini kati, kwenye majengo ya ofisi. Kangemi na Kawangware zimejaa mabati na mawe yasiyopigwa plasta. Ndiyo maana uso wa mnyonge mara nyingi huishia kwenye ukuta wa mwenye nacho, na huenda ukawa ni ukuta ule ule ambao mnyonge mwenyewe ameajiriwa kuulinda. Anakesha chini ya picha ya mtu kama yeye, na asubuhi wapita njia wanapiga picha ya ukuta bila kumsalimu.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mimi siamini kwamba kumchora mtu aliyesahaulika ni kumheshimu moja kwa moja. Unaweza kumchora ukamtumia. Alitumiwa jasho lake mchana, sasa unatumia na makunyanzi yake.

Nairobi yenyewe imeshatupa mifano ya pande zote. Mapema mwaka 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kundi la wachoraji, miongoni mwao Uhuru B, Swift9, Bankslave na Smokillah, walishirikiana na mpiga picha na mwanaharakati Boniface Mwangi. Usiku walichora ukuta karibu na City Market, Muindi Mbingu Street: mbunge mwenye kichwa cha tumbusi, amejikalia kitini, na mwananchi akikandamizwa. Mji uliamka ukashangaa. Ilikuwa kazi ya ujasiri, na watu walizungumza mitaani kwa siku nyingi. Lakini angalia ni nani aliyepata uso wa kukumbukwa. Ni tumbusi. Mwananchi pale alikuwa mwananchi tu, alama ya wote, asiye mtu wa mtaa wowote. Katuni ya siasa hufanya kazi hivyo na siilaumu. Nasema tu kwamba hata tulipochora kwa ajili ya mnyonge, mkubwa ndiye aliyechukua nafasi ya katikati.

Sasa twende Kibera, miaka mitatu nyuma ya hapo. Mwanzoni mwa 2009 msanii Mfaransa aitwaye JR alikuja na mradi wake wa kuonyesha wanawake kama mashujaa. Yeye hakutumia stensili. Alitumia picha kubwa za kamera. Zilikuwa sura za wanawake wa Kibera, mwaka mmoja tu baada ya ghasia za uchaguzi, na zilifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni inayokata mtaa, na sehemu ya chini ya nyuso, pua na midomo, ikawekwa kwenye mabati chini ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta chache macho yalikutana na midomo, uso ukakamilika, kisha ukaenda zake.

Picha za mradi huo zilizunguka dunia, na filamu yake ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Unaweza kusema: haya, uso wa mama wa Kibera umefika Ufaransa, yeye amebaki Kibera. Ni kweli. Lakini kuna kitu kimoja ambacho JR alikipatia, na wakosoaji wengi hukipita haraka. Picha zile za juu ya mapaa hazikuchapishwa kwenye karatasi kama kazi zake za miji mingine. Zilichapishwa kwenye turubai la plastiki lisilopitisha maji. Mvua ya masika ilipokuja, picha ilikuwa paa. Mtu ambaye hajali sanaa hata chembe aliweza kukuambia picha ile inamfaa nini: haivuji. Huo ndio mfano ninaoutaka. Mwenye uso alipata kitu ambacho angekitaka hata kama hakuna kamera iliyokuwa ikimtazama.

Na Kibera haikungoja mgeni aje kuifundisha kuchora. Kundi la Maasai Mbili lilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, mafundi waliokuwa wakiandika mabango ya vibanda na vinyozi. Mapema mwaka 2008, mtaa ulipokuwa ukiwaka, Solomon Muyundo, maarufu kama Solo 7, alitembea na rangi yake akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, milango na vibanda vilivyobaki. Mjini, kwenye Makumbusho ya Reli, Patrick Mukabi alishinda miaka mingi akichora akina mama wa sokoni, wanene, wamejifunga leso, wamejaa turubai mpaka pembeni, na vijana wengi wamejifunza rangi mikononi mwake. Tofauti ya hawa na msanii mpita njia ni kwamba wanaishi na wanaowachora. Wakikosea pua ya mtu, watakutana naye kesho akinunua sukuma na watayasikia maneno yake.

Sasa rudi nami mjini, Kenyatta Avenue, kwa mfano mkongwe kuliko yote. Pale kuna mnara wa shaba wenye watu watatu, uliowekwa mwaka 1928, wa kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza upande wa Afrika Mashariki. Mmoja wao ni mpagazi. Mzigo ndio ulikuwa silaha yake. Vita vile vilipiganwa kwenye nchi isiyo na barabara na yenye mbung'o wanaoua punda na farasi, kwa hiyo risasi, unga na hata mizinga vilibebwa vichwani. Vijana walisombwa vijijini kwa nguvu, na wengi zaidi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakor ulipata jina lake kutoka kwa kikosi chao.

Hebu fikiria, msikilizaji: karibu miaka 100 iliyopita, serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na sifa ya kumjali mpagazi, ilimchora mpagazi. Ikamwekea shaba kwenye barabara kuu, na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kama uso hadharani ungetosha kuwa heshima, basi mpagazi aliheshimiwa kuliko wengi wetu. Lakini mnara ule hauna jina la mpagazi hata mmoja. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Askari wa Kizungu alichongewa jiwe lake na jina lake. Mpagazi alipewa sanamu moja ya wote. Sanamu hiyo ilikuwa njia rahisi ya kufunga hesabu.

Ndiyo maana kila nionapo uso mzuri wa mzee asiye na jina kwenye ukuta wa mgahawa, chini yake saini kubwa ya msanii, mimi huuliza: kwa nini ukuta huu unalijua jina la aliyeshika mkebe na haulijui la mwenye uso?

Najua kuna msanii ananisikiliza sasa hivi na amekunja uso. Anasema, bwana, Katiba inanipa uhuru wa ubunifu, Kifungu cha 33. Nikianza kuomba ruhusa kwa kila mtu, sitachora kitu. Nakuelewa. Lakini sikiliza habari hii ya upande wa pili. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, magharibi mwa jiji, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Siku hizo hizo klabu moja ya starehe ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini. Sheria yenyewe, ya mwaka 2019, imewaachia wanahabari na wasanii nafasi yao, na huenda mchoraji wa ukutani asiguswe nayo. Mimi nazungumza kuhusu adabu. Ikiwa mtu aliyetoka kujiburudisha ana neno juu ya uso wake, kwa nini mvuta mkokoteni asiwe nalo? Au neno lake limebebwa pamoja na magunia?

Na ukienda kumuuliza, jiandae kwa majibu usiyoyatarajia. Mchuuzi anaweza kukataa katakata, kwa sababu kutwa anacheza paka na panya na askari wa kanjo na jambo la mwisho analolitaka ni uso wake kujulikana kwenye kona ile ile anayouzia. Mama fua anaweza kukwambia kwamba nyumbani hawajui kazi anayoifanya mjini. Kijana wa mtaani anaweza kukubali, kisha akakuomba umchore na suti. Utasema suti inaharibu ukweli wa picha. Ukweli wa nani? Wewe ulikuja kutafuta matambara, yeye amekaa na matambara kila siku na hayampi raha ya kuyatazama. Mwingine atataka jina la mtaani tu, Baba Shiru, na hilo ni jina kamili kwa wanaomjua. Sisemi kila uso uandikwe majina matatu na namba ya kitambulisho. Nasema uamuzi ni wake.

Hapo ndipo stensili inapopata mtihani wake. Ni sanaa ya kupunguza. Inatoa rangi za katikati, inaacha nyeusi na nyeupe. Mtu mwenye ucheshi, madeni, timu anayoishabikia na mtoto anayefanya mtihani mwaka huu, anaweza kutoka upande wa pili wa kartoni akiwa "maskini" tu, macho makubwa, uso wa huruma. Na kartoni ikishakatwa inatumika tena na tena: uso ule ule usiku mmoja unaweza kuwekwa Westlands, Ngong Road na Moi Avenue, bila mwenyewe kujua kwamba amezagaa. Fundi mzuri hulizuia hilo kabla hajashika kisu, kwa kukaa na mtu mpaka ajue ni kitu gani hakipaswi kukatwa.

Basi ombi langu kwa wachoraji ni dogo. Muulize, mwonyeshe kartoni kabla ya rangi, na ukiuza picha au nakala zake kwenye nyumba za sanaa, au ukilipwa na kampuni kwa ukuta ule, mpe fungu lake. Mpiga pasi hulipwa, mpiga picha hulipwa, na mwenye uso naye amefanya kazi. Kwa wenye mamlaka, nasema hivi: nguzo za barabara ile ya juu, inayopita mjini mpaka Westlands, ni nyingi na ni laini. Badala ya kungoja zijae mabango ya waganga na mikopo, zitengeni chache kwa watu wa maeneo yale yale zinaposimama, wachaguliwe na wenzao, wachorwe na vijana wa mitaani kwao.

Na wewe mwenye ukuta wa Lavington, ambaye umeshaanza kufikiria kwamba picha ya mzee mwenye mvi ingependeza kando ya geti lako: kabla hujamtafuta msanii, mwulize mlinzi wako kama angependa kuchorwa. Akikataa, utakuwa umejua jambo moja juu yake ambalo jana hukulijua. Akikubali, mlipe, uandike jina analolitaka yeye, na uhakikishe mshahara wa mwezi huo hauchelewi, maana atakuwa na shahidi ukutani.